Amerigo Ndani ya Mtumba
Amerigo Vespucci, Mtaliano yule, Bagamoyo hakufika. Jina lake, lililobandikwa kwenye ramani mwaka 1507, ndilo lililofika, tena likiwa limekunjwa jora. Kitambaa cha pamba walicholeta wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, watu wa pwani walikiita merikani, basi, yakaisha. Mwaka 1871 mwanahabari Stanley akafungasha mitumba ya merikani hapahapa. Alipoandika kitabu chake, kwa Kiingereza, akaandika vilevile: merikani. Na gazeti lililomtuma lilikuwa la New York!

Juzi mgeni mmoja, Mmarekani, alinisomea neno hilo kitabuni pale Mji Mkongwe. “Merikenai,” akatamka, kwa heshima zote. “Hili ni kabila gani?”

“Ni ninyi, bwana.”

Akaliandika kwenye daftari.