Mwenye Kinyongo Hasa

Wapenzi wa riwaya za mchawi mwenye kinyongo anayependana na shetani mtanashati wamkumbuke Heinrich Kramer, mtawa wa Kidominiko. Mwaka 1485, mjini Innsbruck, alimshitaki Helena Scheuberin kwa uchawi. Bibi huyo alikuwa amemtukana hadharani na kususia mahubiri yake. Uchawi gani tena zaidi ya huo? Kwenye kesi, mtawa akang'ang'ania mambo ya chumbani ya mke wa watu hadi wenzake wakaona haya. Kesi ikafutwa, na askofu akamtaka afungashe virago.

Akaondoka na donge lake, akaandika kitabu kiitwacho Malleus Maleficarum, akifafanua kwa kituo jinsi wachawi wanavyolala na mashetani. Mtawa, jamani! Utafiti huo aliufanyia wapi?

Siku hizi shetani yuleyule amepewa kifua kipana na sauti nzito, anauzwa kama mchumba. Huku pwani jini mahaba, kwa wivu wake wote, walau kinajulikana anachotaka: udi, marashi, halua. Wa Kramer hakuleta hata barua ya posa.