Kuku wa Embakasi Hawana Namba ya Mlango

Ukitaka kujifunza uchambuzi wa data, popote ulipo duniani, utaanzishwa na maua. Ni maua ya irisi, 150 kamili, aina tatu, hamsini hamsini. Mwanatakwimu Mwingereza, Ronald Fisher, aliyatia katika makala yake ya mwaka 1936, na tangu hapo kila mwanafunzi hupimishwa petali zake kana kwamba ni sharti la ubatizo. Mimi naishi Pipeline, Embakasi. Huku hata jua hupanga foleni kupita kati ya ghorofa mbili, na mti wa pekee ninaoufahamu kwa karibu ni ule wa pale stejini ambao fundi wa viatu hutundikia mwavuli. Nilipima petali za Fisher hadi kompyuta ikanipongeza. Kama ilikuwa ikinidanganya, ningejuaje?

Baada ya maua huja meli. Titanic ilizama mwaka 1912, lakini 891 kati ya abiria wake bado huzamishwa kila siku na wanagenzi wanaobashiri nani alipona. Nilipiga hesabu zote zilizotakiwa, nikagundua kwamba wanawake na wenye tiketi za daraja la kwanza waliokoka kuliko wengine. Nikampigia mama simu nyumbani kumweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ndiyo hiyo kazi niliyouziwa mbuzi ninunuliwe laptopu. Kuna na magari 32 yaliyotolewa katika jarida moja la Marekani la mwaka 1974. Corolla imo, ndiyo, lakini hakuna safu ya kuonyesha inabeba watu wangapi kiti cha nyuma, na hapo nikaona wenzetu hawana nia.

Basi nikaazimia kutafuta data ya mahali ambapo ikidanganya nitaisikia harufu.

Na ipo. Tarehe 8 Julai 2011, Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya serikali, huku Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa wizara ya habari na mawasiliano, akiwa msukumaji wake mkuu. Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza barani kufungua kabati namna hiyo. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, nalo huchapisha bei za vyakula kila mwezi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ina ghala la HDX tangu mwaka 2014, na kwenye Zindi, ukumbi wa mashindano ya data ulioanzia Cape Town, utakuta mafumbo ya Nairobi yenyewe. Hakuna anayeweza kulia njaa. Kazi huanza ukishaketi mezani.

Nilianza na sensa ya 2019, ile ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Makarani walizunguka na tableti, lakini majuzuu ya matokeo yalitoka kwa PDF, na aliyewahi kuchomoa jedwali ndani ya PDF anajua jinsi tarakimu za safu ya tatu zinavyoweza kuhamia ya nne bila kuaga. Nilipozirudisha kwao, programu ikakwama Lang'ata. Kile kialama kilicho katikati ya jina, ambacho sisi tunakihitaji ili ng'ombe awe ng'ombe, kompyuta ilikiona kama mwisho wa maneno. “Lang” ikabaki upande huu, “ata” ikatupwa upande ule pamoja na wakazi wake 197,489. Ukija kwa kaunti, Murang'a inakungoja na tatizo lilelile, na Taita Taveta huandikwa mara kwa mkwaju mara bila.

Jedwali lilipotulia, nikamwonyesha jirani yangu, mtu wa jua kali anayetengeneza masufuria. Nairobi nzima, watu 4,397,073. Embakasi peke yake, 988,808, ndiyo inayoongoza. Makadara ya kina Jericho, Maringo na Makongeni ina 189,536. Jirani akaitazama ile ya Embakasi, akatazama ngazi, akatazama watoto waliokuwa wakipigania mpira wa karatasi kwenye ujia.

“Hao ni wa hapa Pipeline pekee,” akasema. “Wengine waliandikwa wapi?”

Nikataka kumridhisha kwa kuunganisha sensa na maeneo bunge, tuone kila mbunge anawakilisha watu wangapi. Kumbe sensa inaigawa Nairobi katika kaunti ndogo 11, na wanasiasa wanaigawa mara 17. Embakasi ya makarani ni moja, na Njiru kando yake. Embakasi ya wabunge ni tano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Programu haikuuliza swali. Ilichukua 988,808 ikampa kila Embakasi, na kufumba na kufumbua tukawa watu 4,944,040, tukaishinda Nairobi tuliyomo. Jirani yangu aliposoma hiyo aliweka nyundo chini. “Sasa ndiyo umehesabu,” akasema.

Lakini kilichoniharibia jina ni kuku.

Watu husahau kwamba sensa ile iliuliza pia habari za mifugo: ng'ombe, mbuzi, punda, mizinga ya nyuki, na kuku kwa aina zao. Majibu yameorodheshwa kwa kila kaunti ndogo, Embakasi ikiwemo. Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, ndipo mtandao unaposhika vizuri, keateka akaja nyuma yangu. Keateka wetu ni mtu wa sheria. Amebandika karatasi ukutani pale mlangoni, kwa herufi kubwa za wino mwekundu: HAKUNA KUFUGA. HAKUNA KUANIKA KWA REILI. MAJI NI JUMANNE NA IJUMAA. ASANTE. Ile ASANTE ameipigia mistari miwili.

“Hapo unaangalia nini, kijana?”

“Sensa, mzee. Mifugo ya Embakasi.”

“Mifugo gani?”

“Kuku, kwa mfano.”

Akainama hadi kofia ikagusa skrini. “Kuku. Embakasi hii. Wako floo ya ngapi?”

Nikamweleza kwa upole kwamba takwimu hazifanyi kazi hivyo. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inakataza kutoa habari za mtu au nyumba yake. Kinachochapishwa ni jumla tu. Karani aliyekuhesabia kuku wako hana ruhusa ya kwenda kuwasema kwa mwenye ploti. Huo ndio ukuta unaowafanya watu wajibu ukweli, nikaongeza, maana nilikuwa nimeanza kupendezwa na sauti yangu.

“Takwimu gani hiyo haina namba ya mlango?” akauliza, akashuka.

Kabla ya taarifa ya habari ya saa moja alikuwa akibisha mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mlango aliusomea hati moja: laptopu ya kijana wa floo ya nne imeonyesha kuna kuku kwa hii ploti. Alipata kuku wawili kwenye bafu, sungura mmoja ndani ya karai lililofunikwa kwa kanga, na shemeji mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha ya wapangaji. Usiku ule floo ya sita ilinukia mchuzi kama Krismasi. Idadi ya kuku wa Embakasi ikapungua kwa wawili kwa sababu tu mtu alisoma jedwali lao, jambo ambalo hakuna kitabu cha takwimu kilichokuwa kimenionya. Mchuzi wenyewe sikuonjeshwa. Nilipewa jina: Wa Kuku.

Nikaikimbia sensa, nikaingia matatu. Hapo kuna data ya kujivunia. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na MIT, Chuo Kikuu cha Columbia na kampuni ya Groupshot, walizipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila kituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130 pamoja na faili zake, bure kwa kila mtu. Mradi huo huitwa Digital Matatus. Mwaka uliofuata, njia hizo zikaingia Google Maps. Ladha yake iko kwenye mfumo wa faili wenyewe, GTFS, uliobuniwa kwa ajili ya miji ambayo basi lina ratiba na kituo kina kibao. Watafiti walilazimika kuukunja ukubali gari linaloondoka likijaa.

Mimi nilitaka kuusafisha tu. Kanuni ya kwanza ya kusafisha ni kuondoa kisichokuwepo, nikamwendea makanga wa njia yetu na orodha yangu. Tulipofika kwenye Taj nikasema hiyo nafuta, jengo lilibomolewa mwaka 2018 na hata kabla ya hapo lilikuwa limeshabadilishwa jina. Makanga alinitazama vile daktari humtazama mgonjwa aliyejitibu kwa gugo.

“Buda, ukishuka hapo utakuwa umeshuka wapi?”

“Taj.”

“Basi jengo si shida yetu.”

Nikairudisha. Nikamwuliza, na njia yenyewe, mnafuata hii iliyochorwa? Akacheka hadi akapiga bodi ya gari, dereva akadhani ni ishara, tukaondoka na mama mmoja akiwa na mguu mmoja nje.

Somo kubwa, hata hivyo, nililipata kwa wenye bodaboda. Mwaka 2019 kampuni ya usafirishaji ya Sendy iliweka kwenye Zindi rekodi za vifurushi vilivyopelekwa kwa pikipiki humu Nairobi: mahali pa kuchukua, mahali pa kushusha, umbali, saa, joto, mvua. Kazi ni kubashiri sekunde ngapi zitapita kutoka kuchukua hadi kufika. Nikaifungua kwa furaha. Haya si maua, hizi ni barabara ninazozijua kwa mashimo. Nikakuta safu ya mvua karibu yote ni tupu.

Vitabu vinasema pengo lizibwe kwa wastani. Nikaenda stejini kwanza, nikawasomea jamaa safu zote, nikawauliza kwa nini mvua haikuandikwa.

“Kwa sababu ikinyesha hatuko barabarani,” akajibu mmoja aliyekuwa amelalia tangi la mafuta. “Tuko chini ya daraja la Outering.”

Ni nadharia nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusoma, hata kama jibu la kawaida ni kwamba siku hizo hakukuwa na mvua ya kuandika. Chumba kitupu kwenye jedwali huweza kuwa sifuri, huweza kuwa hakuna aliyepima, na huweza kuwa aliyetakiwa kupima alikuwa amejikinga. Hivyo vyote vitatu, ukivijaza kwa wastani, utapata manyunyu ya kila siku ambayo hayajawahi kunyesha popote. Fisher hakunifunza hilo, maana maua yake hayana mapengo.

Yule wa tangi akataka kujua wamepima nini kingine. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole ambavyo havikupimwa: mlinzi wa geti anayetaka kitambulisho, kisha anataka ya chai, kastoma anayesema “niko hapa nje” na unasikia maji ya bafu kwenye simu, na yule anayekuelekeza kwa duka la buluu wakati mtaa mzima umepakwa rangi ya kampuni ileile ya simu. “Weka hizo,” akasema, “halafu uniambie sekunde.”

Sikuwa na pa kuziweka. Nikageukia chakula, kwa kuwa KNBS hutaja bei ya sukuma wiki kila mwezi, kwa kilo. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuona kilo ya sukuma. Sukuma ni ya mbao, yaani shilingi ishirini, unakatiwa, unaenda. Nikaazima mizani ya fundi wa vyuma chakavu, nikaenda kwa mama mboga wa pale chini ili nilinganishe. Kuona mizani, yeye na wenzake wawili walifunika meza kwa turubai wakaanza kutazama barabara, wakidhani nimetangulia kanjo, askari wa jiji. Ilibidi ninunue nyanya, vitunguu na dania ya kuwatuliza.

“Mama, mimi ni jirani. Nataka kujua bei imepanda kiasi gani.”

“Haijapanda. Ni mbao.”

“Tangu lini?”

“Tangu uhamie hapa ni mbao.”

Na kweli. Huku bei haipandi, fungu ndilo linalokonda. Anayechora grafu ya shilingi atapata mstari ulionyooka kama reli ya Mombasa, na pembeni yake watoto wanagombania majani. Huu ni uvumbuzi ninaojivunia, na nilimweleza mama mboga kwa kirefu kwa nini daftari lenye uzito wa mafungu yake lingekuwa hazina ya taifa.

“Daftari ninalo,” akasema.

Akalitoa chini ya viazi. Lilikuwa daftari la deni, kurasa zilizolowa maji ya mchicha, majina upande wa kushoto, pesa upande wa kulia: Mama Brayo, 120. Wa Probox, 80. Shemeji wa floo ya tatu, 210, na mbele yake alama ya kuuliza. Data safi, ya miaka, isiyo na pengo hata moja. Akataka niipange kuanzia anayedaiwa zaidi, nichapishe, abandike pale kwa nguzo. Nikamwambia kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, huwezi kuanika majina ya watu hivyo. Akaniuliza kama hiyo sheria hulipa deni.

Nilifunua ukurasa uliofuata. Mstari wa juu kabisa ulisema: Wa Kuku, 430.

Nimemwambia data yake inahitaji kusafishwa kwanza, na hiyo ni kazi ya miezi.