Elimu-Sakafu: Mhadhara Kuhusu Nguruwe Mjamzito na Anachokikanyaga

Sakafu ya banda, kwa mujibu wa Elimu-Sakafu (taaluma yenye bingwa mmoja, aliyejiteua kwa kura zote), ni kiungo cha nguruwe kilichoko nje ya mwili wake. Mtaani husemwa nguruwe "mwenye mimba". Taaluma inasisitiza "mjamzito", kwa kuwa anayebeba watoto kumi na ushee juu ya zege kwa siku 114 anastahili heshima.

Jike mzima huvuka kilo 200 bila shida. Mzigo huo hubebwa na vidole viwili vya kila mguu. Viwili vidogo vya nyuma huning'inia kama watazamaji wa harusi. Katika miguu ya nyuma ukwato wa nje huelemewa zaidi, na ndio unaotangulia kupasuka.

Adui wa kwanza wa ukwato huo ni fundi mwenye bidii. Akishamwaga zege hupiga niru mpaka mwenye banda ajione uso, kisha hudai nyongeza. Nguruwe hana haja ya kioo. Anapotaka kulala hupiga magoti ya mbele, husita, ndipo hushusha kiuno taratibu. Niru ikiwa na mkojo, mguu wa nyuma huchomoka pembeni, naye hubaki amekaa kama mbwa, akihema. Kinyume chake, zege la kokoto zilizochongoka husaga kwato kama msasa, na likiwa jipya ukali wa saruji huunguza ngozi. Suluhisho la kitaalamu ni ufagio wa chelewa, upitishwe zege likiwa bado bichi. Fundi hulipokea kama tusi.

Wengine huinua banda kwa mbao zilizoachana ili kinyesi kidondoke. Hapo swali ni mwanya. Kwa sakafu za zege za namna hiyo, agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 linataka majike wawekewe mwanya usiozidi milimita 20 na upau wenye upana usiopungua milimita 80. Mfugaji wa kwetu hupima kwa kidole gumba. Gumba la nani, taaluma ingali inachunguza.

Maumivu ya ukwato, na hapa wasikilizaji waamshane, hayaishii ukwatoni. Jike anayechechemea hasimami ovyo. Asiposimama hanywi maji, asipokunywa hakojoi, na mkojo uliotuama hulea bakteria kibofuni, ambao wanaweza kupanda hadi kwenye figo. Kwa kuwa muda wote huo amelalia kinyesi, vijidudu hupata njia nyingine kupitia uke. Sakafu imefika kwenye kibofu, mfugaji analaumu pumba. Mwishowe jike huuzwa kabla hajarudisha gharama, na wateja wa kitimoto hawaulizi alikuwa anachechemea mguu upi.

Malalo ya nyasi kavu au maranda hupunguza michubuko na kunyonya unyevu. Nyasi zina sifa ya ziada: huliwa. Jike mjamzito hupewa chakula kwa kipimo asinenepe mno, hivyo hushinda na njaa. Akikosa cha kufukua huuma vyuma au hutafuna hewa tupu, povu likimchuruzika. Zulia la mpira hulinda magoti, ila njaa hailitambui. Lakini nguruwe hapoi kwa jasho; joto la Dar es Salaam likipanda huyakimbia malalo na kutafuta zege la baridi. Kwa hiyo nusu ya chumba hutandikwa, nusu huachwa wazi, ikiinama sentimita mbili au tatu kwa kila mita kuelekea mfereji.

Kipimo cha mwisho ni Jaribio la Goti: mkaguzi hupiga goti tupu malaloni kwa dakika moja. Likilowa au likiuma, sakafu imefeli. Bingwa hukagua akiwa amevaa suti, na dobi wake ana maoni tofauti.

Wiki moja hivi kabla ya kuzaa, jike huhamishiwa chumba cha kuzalia. Sakafu ya huko ina mhadhara wake, wenye kiingilio.