Saba Hadi Moja: Kabla Fundi Hajapiga Windows Upya

Taswira ya diski ni faili inayobeba diski nzima: Windows, programu, mipangilio, nywila ya Wi-Fi, picha za harusi na michezo ya watoto. Diski ikifa unafunga mpya, unarudisha taswira, na kompyuta inaamka ilivyokuwa siku ulipochukua taswira hiyo. Haya, tuhesabu tukishuka.

7. Kunakili folda si kunakili kompyuta.
Unaweka nyaraka zako kwenye flashi? Hongera, endelea. Ila programu na sehemu ya diski inayoiwasha mashine hazimo humo. Siku ya ajali utakuwa na picha zote za harusi na huna pa kuzitazamia.

6. Programu zipo, acha visingizio.
Wakongwe walianza na Ghost, iliyotoka New Zealand, ikanunuliwa na Symantec mwaka 1998 na kustaafishwa 2013. Macrium Reflect ya bure ilipendwa sana, lakini nayo imeachwa kuhudumiwa tangu mwanzo wa 2024. Clonezilla bado ni ya bure na inaendeshwa kutoka kwenye flashi. Sura yake ni maandishi matupu, usiikimbie, haiumi. Hata Windows 10 na 11 zina chombo cha zamani kilichoandikwa Windows 7, ingawa Microsoft ilishaacha kukiendeleza.

5. Oga kabla ya kupigwa picha.
Taswira haichagui: virusi vilivyomo vitahifadhiwa kwa heshima ileile ya nyaraka zako. Safisha, kagua afya ya diski, ondoa video ulizokwisha kuzitazama. Halafu zima kompyuta kikamilifu. Windows ina tabia ya kusinzia badala ya kuzima ili kesho iwake haraka, na Clonezilla ikiikuta hivyo inaweza kugoma. Shikilia kitufe cha Shift unapobofya kuzima, ilale kweli.

4. C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja.
Mafundi wengi hugawa diski moja mara mbili, nawe unaweka taswira ya C kwenye D ukilala usingizi mnono. Moto hauulizi mlango, ndugu yangu. Tafuta diski ya nje, na uangalie ilivyofomatiwa: FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. NTFS au exFAT itakutosha.

3. Ukimaliza, chomoa!
Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilizunguka dunia ikifunga mafaili na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Haikuishia kwenye diski ya ndani. Hata diski ya nje iliyokuwa imechomekwa ilikumbwa. Na sisi tunaujua umeme unavyorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Diski iliyo kabatini haipatwi na lolote kati ya hayo. Nakala ya pili ikae kwa dada yako. Utapata na sababu ya kwenda kumsalimu.

2. Flashi ya kuamshia, na ufunguo.
Diski ikishakufa, programu ya kurudisha utaifungulia wapi? Tengeneza flashi ya uokoaji leo, mashine ikiwa nzima, na ujaribu kama kompyuta inakubali kuwaka nayo. Kama unatumia BitLocker, kufuli la diski la Windows, chapisha ule ufunguo wa tarakimu 48 uuweke na vyeti vya kuzaliwa. Ukiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo, umejifungia nje mwenyewe.

1. Rudisha. Ndiyo, rudisha kweli.
Hapa ndipo watu hukaa kimya. Mwaka 1998 pale Pixar, amri moja ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2. Wakakimbilia nakala rudufu; kumbe hazikuwa zikifanya kazi sawasawa na hakuna aliyejua. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Studio nzima ya mabingwa, na bado!

Basi anza na kitufe cha kuhakiki taswira. Kisha azima au nunua diski ya akiba isiyopungua ukubwa wa ile ya awali, itoe ya zamani uiweke kando, urudishie kwenye hiyo mpya. Soma jina na ukubwa wa diski lengwa mara mbili, maana kurudisha hufuta kila kilichokuwemo. Na taswira ya zamani usiifute kabla mpya haijapita mtihani huu: usiache mbachao kwa msala upitao. Mashine ikiwaka, fungua picha moja, waraka mmoja, na programu inayokulisha. Vyote vikifunguka, andika tarehe kwenye lebo, ubandike kwenye diski ya nje, uirudishe kabatini.