Mheshimiwa Gavana, Tunaomba Uwasikilize Wenye Darubini

Kwa Mheshimiwa Gladys Wanga,
Gavana wa Kaunti ya Homa Bay.

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mkazi wa kawaida wa kisiwa cha Mfangano, sina cheo cha kunipa haki ya kukuandikia, na naomba radhi mapema kwa kukuchukulia muda wako. Najua mezani pako pana mambo ya hospitali, maji, barabara na soko la omena, na yote hayo yanastahili kutangulia. Hata hivyo, kwa idhini yako, naomba kuwasemea watu wasio na msemaji: wale wanaoamka alfajiri na darubini shingoni kutazama ndege kwa mapenzi tu, kisha wakaandikiana mtandaoni walichokiona, kifaa kipi kinafaa na mahali gani pana thamani ya nauli.

Serikali inapopanga utalii au uhifadhi, hutafuta ripoti ya mshauri elekezi. Sina neno baya juu yake. Ila yeye huja kwa siku alizolipiwa, akaondoka. Nakuomba utazame, kwa mfano, hifadhi yetu ya Ruma katika Bonde la Lambwe. Huko huja mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini duniani, akitoka kusini anakozaliana. Hukaa kwenye nyasi ndefu kati ya Aprili na Septemba hivi, kisha hurudi alikotoka. Mtaalamu akija Desemba hatamwona hata mmoja, naye ataandika kwa uaminifu wote kwamba hayupo. Anayeweza kumsahihisha ni mtu aliyerudi palepale mwezi baada ya mwezi, bila kutumwa na yeyote, akaandika tarehe kila mara.

Wapo watakaouliza, na ni haki yao, mtu asiye na shahada ataaminiwa vipi. Kwa ruhusa yako, nivuke maji kidogo hadi Rusinga, ingawa najua habari hii unaijua kuliko mimi. Mwaka 1948 mwanaakiolojia Mary Leakey alipata huko fuvu la Proconsul, sokwe wa kale aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Mumewe Louis ndiye aliyesoma Cambridge. Mama yule hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na alizopewa baadaye zilikuwa za heshima. Fuvu lile alilisafirisha hadi Uingereza, likachunguzwa na Profesa Le Gros Clark wa Oxford. Tangu hapo wataalamu wamebishana sana, hata jina wamebadilisha: kuanzia 2015 sokwe hao wa Rusinga wanaitwa Ekembo. Fuvu lenyewe ni lilelile. Mama Leakey aliaminiwa kwa kuwa alileta kitu ambacho mwingine angeweza kukishika, kukikagua na kukibishia.

Kipimo hicho ndicho wanachokitumia wapenzi wa ndege. Katika Kenya Bird Map, mradi unaowashirikisha Makavazi ya Kitaifa na Nature Kenya, nchi imegawanywa katika viraba vya takriban kilomita 9 kwa 9. Anayejitolea hutembea ndani ya kiraba kimoja kwa saa 2 au zaidi, akiorodhesha kila aina ya ndege kwa mfuatano aliowaona au kuwasikia. Akitaja ndege asiyetarajiwa mahali pale, huulizwa maswali na wenye uzoefu zaidi kabla rekodi yake haijakubaliwa. Orodha hizo ndizo leo zinazoweza kuwekwa kando ya atlasi ya ndege wa Kenya ya Lewis na Pomeroy, iliyochapishwa 1989, tukajua ni nani amehama na nani anapungua.

Hata maoni yao kuhusu vifaa nayasoma kwa jicho hilohilo. Boksi la darubini litakuambia haiingii maji. Aliyeibeba kando ya ziwa misimu miwili ya mvua ndiye atakayekuambia kama kuvu iliota ndani ya kioo. Lakini nyota 5 zisizo na tarehe, zisizotaja mahali wala kasoro hata moja, mimi siziamini, na nakusihi usiziamini hata zinapoisifu Mfangano yetu.

Sitakuficha udhaifu wao, Mheshimiwa. Wengi huwakimbilia ndege adimu na kuwapuuza wa kawaida. Ndege wadogo wa kahawia kwenye mafunjo huwachanganya. Tena hufuata barabara: Rusinga ina daraja, Mfangano hufikiwa kwa maji, basi orodha fupi ya kisiwa chetu isichukuliwe kuwa ndege ni wachache. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuongeza mashahidi. Vijana wa hapa wanamjua furukombe kwa sauti, wanajua yangeyange hushuka saa ngapi omena inapoanikwa, na hakuna aliyewahi kuwaomba waandike.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, nakuomba mambo mawili. Kwanza, kila mpango wa utalii au mazingira unaogusa visiwa na Ruma usitiwe saini kabla maofisa wako hawajazisoma rekodi za watazamaji hawa, na pale zinapopingana na ripoti ya mshauri, pande zote mbili ziitwe zijieleze. Pili, shule za Mfangano zipewe darubini chache na daftari, na watoto wafundishwe kuandika siku, saa, mahali na kiwango cha hakika yao. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya ripoti moja. Tafadhali, Mheshimiwa Gavana, anza na shule moja hapa Sena, kabla ya Aprili ijayo.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mfangano