Ng'ombe Wangu Kav

Mwaka 1985 mhandisi wa Kijerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa nyumbani kwake Bonn akipiga taipu sentensi za kila namna na kuzihesabu herufi. Nyingi hazikufika 160, basi ujumbe wa simu ukapimiwa hapo. Laiti angepiga hodi Pemba kwanza! Ami yangu wa Konde hutumia herufi 43 kwa salamu tu, na hapo hajamuulizia mtu hali.

Ukipindukia 160, simu ya mtumaji huukatakata ujumbe vipande vya herufi 153, na si lazima vifike pamoja. Juzi simu yangu ya vitufe ilipokea hiki kutoka kwa ami:

"Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu hujambo? Watoto hawajambo? Mama yao je? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Ila ng'ombe wako jana kav"

Basi.

Nikakinakili kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambako maneno hayabanwi hivyo. Shangazi akasema kavyaa, akawahi kuweka oda ya dang'a, akaeleza na jinsi ya kuipika. Binamu yangu wa Muscat akasema kavunjika mguu: achinjwe upesi asije akawa nyamafu, na paja moja apelekewe mama yake. Mpwa wangu, aliyekulia Twitter (herufi 140, kisha 280 tangu 2017), akamjibu Shangazi, bibi yake: "Uvumi. Leta ushahidi." Bila shikamoo! Ng'ombe akasahaulika, ugomvi ukawa wa adabu. Nafasi ikibana, cha kwanza kutupwa ni salamu, na sisi bila salamu tunahisi tumetukanwa.

Wala tatizo si ufupi wenyewe. Kamange na Sarahani, malenga wa Pemba hii hii, walijibizana kwa mashairi, na ubeti wa shairi la kawaida ni mizani 64: ungeujaza ujumbe wa Hillebrand pomoni, pengine ukamwagika kidogo. Lakini malenga hukata mwenyewe, tena penye kina, na asipotosheka huongeza ubeti. Hakatwi na mashine akiwa kwenye "kav".

Baada ya Isha kikaingia kipande cha pili:

"unja ua wa jirani kala mihogo yote. Anataka alipwe. Mchangishane."

Kundi kimya. Shangazi akatuma kidole gumba. Binamu wa Muscat, mgawaji wa mapaja, mpaka leo simu inaonyesha anaandika.