Kabla Hujapanda Pikipiki ya Kilo: Mambo Tisa, Kutoka Dogo Hadi Kubwa

Bunia, hapa Ituri mashariki mwa Kongo, haikosi mtu anayefunga mkoba. Kuna kijana mwenye diploma iliyolala ndani ya bahasha ya plastiki, kodi ya nyumba imemshinda, na rafiki amempigia simu: njoo Kilo, kwenye machimbo ya dhahabu, huku mtu anaishi kwa mikono yake, habembelezi bosi. Kuna pia mama aliyekaa kambini Kigonze hadi watoto wakaota ndevu, na sasa anautaka udongo, hataki tena kupanga foleni ya unga. Nawapenda wote wawili, ndiyo maana sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kilo ni mahali pa kujitegemea kweli kweli. Ila kujitegemea kwa Kilo kuna mpangilio wake, na wengi wanaushika miguu juu, kichwa chini: wanaanza na dhahabu, wanamaliza na njaa. Basi tuhesabu kuanzia la tisa, tukipanda hadi la kwanza. Anayetaka kuruka mistari akimbilie dhahabu, namwona kutoka hapa. Arudi.

9. Viatu

Vile vyeupe viache Bunia, vitunzwe na mdogo wako. Nunua buti za plastiki. Hadi Iga-Barrière utajiona mtalii. Baada ya hapo mvua ndiyo inayoendesha, dereva anashika usukani tu. Ukimwona amekunja suruali hadi magotini, kunja na wewe, usimuulize sababu. Sababu iko kwenye kona inayofuata.

8. Mwanga

Wazee watakuonyesha nyaya. Bwawa la Budana, kwenye mto Shari, lilijengwa zamani za Wabelgiji ili mashine za migodi zizunguke, na huo ndio ukweli wa umeme wa eneo hili tangu siku ya kwanza: ulifuata dhahabu, haukufuata watu. Kwa hiyo nunua paneli ya sola na betri inayostahili jina lake, na ujifunze mwenyewe kusafisha vituo vya betri na kukaza waya. Fundi wa karibu anaweza kuwa yuko Mongbwalu, na Mongbwalu si jirani mvua ikinyesha.

Taa ikishawaka, watoto wa jirani watakuja kusoma kwako. Wakaribishe. Wewe ndiye unayetahiniwa jioni hiyo.

7. Maji

Hapa nitasimama kidogo, maana maji ya Kilo yanadanganya macho.

Mto ulio na rangi ya chai ya maziwa umetoka kuosha mchanga wa wachimbaji huko juu. Usinywe. Utasema utachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, zebaki hakuiondoi. Na zebaki ipo, kwa sababu wachimbaji wanaitumia kukusanya chembe za dhahabu, kisha wanaichoma ili ipae na dhahabu ibaki. Nimewaona watu wanafanya kazi hiyo kwenye kikaango, juu ya makala, mtoto amebebwa mgongoni, na jioni kikaango hicho hicho kinakaanga samaki. Mvuke huo hauna harufu ya kukutisha, lakini unaingia mapafuni na unaharibu neva. Ukijikuta nyumba moja na mtu wa namna hiyo, usiwe na haya: mwambie akachomee nje, mbali na watu, na kikaango chake akitenge na vyombo vya chakula milele. Akinuna, nuneni pamoja, mkiwa wazima.

Maji ya kunywa tafuta kwenye chemchemi iliyojengewa, na uchemshe hata hayo. Siku wanakijiji wakitoka kuisafisha, uwe wa kwanza na jembe. Anayejua njia ya chemchemi lakini hajui siku ya kuisafisha, huyo bado mgeni.

Na chandarua. Mashimo yaliyoachwa na wachimbaji yanajaa maji, na mbu wa malaria hawaulizi nani aliyachimba.

6. Kifungu cha 15

Kila Mkongomani anakijua, ingawa hakimo kwenye katiba ya nchi: jitafutieni wenyewe. Kimekuwa mdomoni mwa watu tangu miaka ya 1960, na wengi wanakihusisha na jimbo lililojitenga la Kasai Kusini, la Albert Kalonji. Watu wa Kilo hawahitaji kufundishwa kifungu hiki. Serikali ilipokuwa haimlipi mwalimu, wazazi ndio waliomlipa, miaka na miaka, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Daraja likivunjika, vijana wanakata miti na kulitengeneza.

Nawavulia kofia. Lakini msinichanganyie mambo. Mtu anayejitengenezea daraja hajamsamehe aliyekula pesa za daraja. Jitegemee, na bado udai. Kinywa kinachotafuna kinaweza pia kusema.

5. Dhahabu

Haya, mmefika mlipopataka. Na mnaona iko namba tano.

Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, waliokuwa wakitafuta madini kwa niaba ya Kongo ya mfalme Leopold, waliiona dhahabu karibu na hapa. Mwaka 1905 uchimbaji ukaanza. Mwaka 1926 ikazaliwa kampuni ya Kilo-Moto, SOKIMO. Mwaka 1966 ikawa OKIMO. Baadaye ikarudia jina la zamani. Majina yamebadilika, lakini jambo moja halikubadilika: machimbo ya Kilo hayajawahi kujilisha. Enzi za ukoloni wanavijiji walilazimishwa kulima na kubeba chakula hadi kwenye makambi ya wafanyakazi, na barabara nyingi za eneo hili zilichimbwa kwa jasho lao ili muhogo na mchele vifike migodini. Mtu wa dhahabu siku zote amekula kutoka shamba la mwingine. Shika hilo, tutalirudia hapo chini.

Sasa shimo lenyewe. Mwenye shimo anaitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni kubwa, na usicheke, ndilo jina lake na heshima yake. Yeye ndiye anayeleta pampu, mafuta, mbao na chakula. Wewe unaleta mgongo. Dhahabu ikitoka, gharama zake zinakatwa kwanza, kinachobaki kinagawanywa; isipotoka, umekula kwa deni. Kuna vijana wanaochimba mwezi wa tatu kulipia bugali la mwezi wa kwanza. Huyo hajajitegemea. Amebadilisha bosi tu, na huyu mpya hatoi hata likizo.

Ukifika kwa mnunuzi, fungua macho. Dhahabu hupimwa kwa mizani ndogo ya mkono, na upande wa pili unaweza kukuta njiti za kibiriti au sarafu za zamani. Tola moja ni gramu 11 na ushee, lakini wewe utaleta vumbi la kuweka juu ya ukucha. Nunua mizani yako ndogo, pima nyumbani kwanza, halafu nenda ukiwa unajua namba. Mnunuzi akigundua unajua namba, hata salamu yake inarefuka.

Na karatasi usizidharau. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mchimbaji mdogo awe na kadi yake na achimbe katika eneo lililotengwa. Ofisi ya SAEMAPE ndiyo inayopaswa kuwasaidia wachimbaji wadogo. Mtu asiye na kadi anafukuzwa na yeyote mwenye kofia.

4. Likelemba

Benki haiko. Mpo nyinyi kumi mnaoaminiana: kila wiki kila mtu anatoa kiasi kilekile, na mmoja anachukua zote. Kwa likelemba mama mmoja ananunua mbuzi, mwingine mabati, wa tatu analipia mtoto wake upasuaji. Mgeni usiombe kuchukua wa kwanza. Chukua wa mwisho, mwaka wote wa kwanza. Ukifanya hivyo utapata jina zuri, na jina zuri Kilo linakopesheka hata duka likiwa limefungwa.

3. Shamba

Niliwaambia tutalirudia. Aliye na shamba anaweza kushuka shimoni akitaka na kupanda akichoka. Asiye na shamba hana mlango wa kutokea.

Ila shamba nalo lina tarehe zake, na tumbo halijui kusubiri. Ndiyo maana mgeni mwenye akili anapanda kwa kufuata njaa yake. Siku ya kwanza kabisa, hata kabla nyumba haijasimama, mwaga lengalenga: baada ya wiki tatu au nne unachuma mboga. Siku hiyo hiyo weka maharagi, utayavuna baada ya miezi mitatu hivi. Viazi vitamu vinafuata, miezi minne au mitano. Kisha muhogo, ambao aina nyingi zinataka karibu mwaka mzima au zaidi, lakini huku nyuma majani yake yanakupa sombe. Migomba iweke karibu na nyumba, inywe maji ya kuoshea vyombo. Ukihesabu vizuri utaona kuna pengo kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu ambapo una mboga za majani tu. Pengo hilo lifunge kwa gunia la unga ulilolinunua Bunia kabla ya safari. Wengi wanaoangukia kwa PDG wanaangukia hapo, kwenye pengo la wiki nane.

Vipando usinunue kwa kuangalia urefu. Kata fimbo za muhogo kutoka kwenye mmea wenye majani safi. Majani yaliyojikunja yenye madoa ya njano ni ugonjwa wa batobato, na ukiupanda umeupandia na jirani. Muhogo mchungu uloweke siku tatu au nne hadi ulainike, ndipo uanike. Usifupishe siku hizo hata kama wageni wako mlangoni. Sumu yake inajulikana, na ugonjwa wa konzo unaopooza miguu umewapata watu waliokula muhogo mchungu ulioharakishwa wakati wa njaa na vita.

Februari 1967, kule Tanzania, Azimio la Arusha lilitaja watu na ardhi mbele ya fedha, na likawaambia wananchi kwamba kujitegemea kunaanza na jembe. Wachumi wamebishana nalo hadi leo. Mama wa Kilo mwenye migomba nyuma ya nyumba hana haja ya kubishana.

2. Usalama

Utani nauweka pembeni kidogo.

Hakuna anayejitegemea mbele ya bunduki. Teritwari ya Djugu, ambamo Kilo imo, imeungua tangu mwisho wa 2017, na watu wa Kilo na vijiji vya jirani wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na bado kuna siku ambazo barabara inafungwa kwa mauaji. Kabla ya kuondoka uliza watu watatu tofauti: dereva aliyepita jana, mama anayeleta bidhaa sokoni, na mtu wa parokia. Wakitofautiana, ahirisha. Usimsikilize anayekwambia kwamba mwanaume haogopi.

Na atakayekuambia ujitegemee hata kwa silaha, ujiunge na kikundi ili ulinde shimo lako, huyo mkimbie usiku huo huo. Ulinzi wa raia ni deni la serikali, na deni hilo tulidai kwa sauti, kila siku, bila kulilipa kwa niaba yake.

1. Kuomba

Ndiyo, namba moja ya kujitegemea ni kuomba. Nasema hivyo nikiwa nimetulia.

Mazao yote hayo niliyokupandisha hapo juu, yatakaa wapi? Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilisema ardhi yote ya nchi ni mali ya serikali. Haki za vijiji iliziacha zingojee amri ya rais, na miongo ikapita bila amri hiyo. Katika pengo hilo, mwenye karatasi kutoka ofisini aliweza kumkuta mwenye makaburi ya babu zake na kumwambia hama. Mwaka 1999 ugomvi wa namna hiyo, juu ya mashamba ya sekta ya Walendu-Pitsi hapa hapa Djugu, uliwasha vita vilivyoua maelfu kwa maelfu ya watu wa Ituri. Kwa hiyo kipande cha ardhi usikiite kidogo.

Kilo iko katika sekta ya Banyali-Kilo. Ina wenyewe. Ukifika, kabla hujafungua mkoba, nenda kwa kapita, mkuu wa kijiji, ukiwa na mtu anayekujua. Sema umetoka wapi, wewe ni mtoto wa nani, umekuja kufanya nini. Omba mahali pa kulima. Tembea mipaka kwa miguu, na majirani wa pande zote nne wakiwepo, si kapita peke yake. Andikeni, watie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Halafu uliza swali ambalo wageni wengi hawaliulizi: huyu aliyelima hapa kabla yangu yuko wapi? Utaona nyumba iliyoanguka, mwembe unaozaa bila mchumaji, ardhi safi iliyolala. Utaambiwa haina mtu. Ina mtu. Yuko Kigonze, au kwa shemeji yake Bunia, au Uganda, na siku njia ikitulia atarudi akitafuta mwembe wake. Ukipewa shamba kama hilo, lichukue kwa mapatano ya msimu, panda maharagi, usipande migomba, na umtumie habari mwenyewe kupitia ndugu zake.

Msimu wa kwanza wa kupanda unaanza Machi, mvua zikirudi. Anayetaka kuuwahi aanze kupiga simu Kilo Januari, afike Februari na unga wake na mbegu zake, na siku ya kwanza aitumie kwa kapita.